Inchi Nne

"Kwa hiyo hapa nanunua nini hasa?" Mzee Futi aliuliza, akiinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. "Kiti ni kilekile. Chakula ni kilekile. Ndege ni ileile."

"Unanunua nafasi ya miguu, baba," dada wa tiketi alisema. Alikuwa ameshalisema hilo mara tatu, na foleni nyuma ya mzee ilikuwa imeanza kukohoa. "Hivi vya kijani vina nafasi zaidi mbele. Hivi vyeupe ni vya kawaida, havina malipo ya ziada."

"Zaidi kiasi gani?"

"Zaidi, baba. Mtu ananyoosha miguu."

"Dada yangu, mimi ni seremala. 'Zaidi' siyo kipimo."

Mkewe alikuwa kwenye benchi la wateja karibu na mlango, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake. Goti la mguu huo lilikuwa halikunjiki vizuri tangu kabati la milango mitatu lilipomwangukia kwenye karakana ya mumewe, miaka minne iliyopita. Daktari alikuwa amemruhusu kusafiri, ila alimwonya asikae amekunjika kwa muda mrefu, damu isije ikaganda. Kijana mmoja aliyekuwa akitembea huku anachezea simu alijikwaa kwenye mguu huo, nusura aanguke. "Mama, si ukunje mguu! Hii ni njia," alisema. Mkewe aliomba radhi. Aliushika mguu kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha mzigo, akausogeza pembeni. Mzee Futi aliyaona yote hayo, akageuka haraka kutazama kompyuta.

Dada wa tiketi alitafuta, akapiga simu, akatafuta tena. "Cha kawaida ni inchi thelathini na moja. Cha kijani thelathini na tano."

"Inchi nne!" Mzee Futi alichomoa futi kamba kiunoni, akavuta inchi nne, akaigeukia foleni na kuionyesha. "Jamani, hiki hapa. Hiki ndicho naambiwa ni bei ya milango miwili ya mbao ngumu. Milango miwili kwenda, milango miwili kurudi. Nalipia hewa!"

Foleni iliangua kicheko. Hata aliyejikwaa alicheka. Mkewe peke yake hakucheka, alikuwa akitazama sakafu.

"Ana cheti cha daktari," Mzee Futi alisema kwa sauti ya chini sasa. "Hakisaidii?"

"Kinasaidia apewe kiti cha magurudumu uwanjani, bure kabisa. Nafasi ndani ya ndege ni ya kulipia tu, baba. Nendeni mkafikirie. Ila vya kijani vimebaki sita, na kadiri vinavyopungua ndivyo vinavyopanda bei."

Nje, mkewe alimshika mkono ili ashuke ngazi. "Nitakaa hicho cheupe, Babu. Masaa tisa tu. Nimezaa kwa masaa kumi na tisa."

Walikuwa wameanza kuitana Babu na Bibi miezi mitatu iliyopita, siku binti yao wa pekee alipojifungua huko ng'ambo. Walianza kwa utani, kisha majina yakawashika. Ilikuwa imepita miaka minane tangu binti aondoke. Tiketi ya mama yake aliinunua yeye, ikamtoa jasho, na sasa yuko kwenye likizo ya uzazi, kwa hiyo kumgusia habari za viti vya kijani kungekuwa kumchuna mtu ngozi mara mbili. Kuhusu hilo mume na mke waliafikiana bila hata kuzungumza.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo Mzee Futi hakulisema. Kwa miaka miwili alikuwa akijiwekea nauli yake mwenyewe, kidogo kidogo, na pasi yake mpya ya kusafiria alikuwa ameificha kwenye boksi la skrubu. Zilikuwa zimebaki fedha za milango minne tu nauli itimie. Alitaka aende kabla mjukuu hajaanza kutembea. Alitaka amkute bado anabebwa. Alikuwa amembeba binti yake mwenyewe mara chache sana, maana miaka ile kazi zilikuwa nyingi na mikono yake ilikuwa na gundi wakati wote. Na inchi nne za mkewe, kwenda na kurudi, zilikuwa milango minne mingine. Hapo ndipo mahesabu yalipokwama.

*

Seremala akishindwa kuamua, anapima. Kesho yake Mzee Futi alivipanga vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi za watu, akatengeneza viti viwili vya ndege, kimoja nyuma ya kingine. Cha nyuma alikiwekea sponji na sehemu za kuegemeza mikono. Cha mbele kilikuwa mgongo mtupu wa ubao, na juu yake alifunga kimeza cha kukunjua chenye bawaba mbili, kwa sababu hakuweza kujizuia. Alipima inchi thelathini na moja, kutoka pale mgongo wa mkewe utakapoegemea mpaka kwenye ubao wa mbele. Alipima mara mbili, akapiga misumari.

"Kesho unasafiri," alimwambia mkewe. "Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mguu ukikubali, tumeokoa pesa. Ukikataa, tunalipa."

"Hapa hapa karakanani? Mbele za watu?"

"Kwani ndani ya ndege kuna watu au kuna mbuzi?"

Basi saa mbili kamili Bibi alikuwa kitini na gauni lake la safari, mkoba mapajani, amefungwa mkanda wa suruali ya mumewe. Duka la jirani lilikuwa la fundi wa kupaka rangi, ambaye kila mtu alimwita Mpaka Rangi, mtu mwenye mdomo usiokaa kimya. Alikuja na brashi mkononi, akasimama.

"Mama, hii ndege inaenda wapi nami nipande?"

"Imejaa," Bibi alisema.

"Hata kwenye mizigo?"

"Mizigo yenyewe ni bora kuliko wewe. Haisemi."

Kila baada ya saa moja Bibi alisimama akatembea mpaka kwenye lundo la mbao na kurudi, kama daktari alivyoagiza. Mteja aliyekuwa akidai dirisha lake alifika, akamkuta Mzee Futi anamhudumia mkewe chai kwenye kimeza cha kukunjua. "Mzee, dirisha langu vipi?" aliuliza. "Watu wazima mnacheza?" Mzee Futi alimeza hiyo. Kwa kawaida angemjibu, lakini siku hiyo alitaka kila kitu kiende taratibu.

Mchana jua lilipokuwa kali na wapita njia wamepungua, alivuta stuli akakaa karibu na mkewe.

"Goti linasemaje?"

"Limetulia." Alikuwa akiutazama ubao ulio mbele yake, ule mgongo wa kiti kisicho na mtu. "Ujue nikifumba macho naona kama kweli naenda. Naogopa hata kufumbua. Nimesahau harufu ya mwanetu, Babu. Sauti naisikia kwenye simu, sura naiona. Harufu ndiyo imenitoka."

Mzee Futi alipangusa vumbi kwenye kimeza kwa kiganja.

"Siku ile anaondoka," mkewe aliendelea, "alikuwa kila mara anaangalia mlangoni. Mpaka akaitwa mara ya pili."

"Gundi ya kaunta ya duka la dawa ilikuwa haijakauka. Ningeiachia, ingefunguka."

"Najua. Sikulaumu."

Alikuwa amefika uwanjani siku ile mbio mbio, vumbi la randa kichwani, akamwona binti yake upande wa pili wa kioo akiwa ameshampa mgongo. Aligonga kioo. Askari akamwambia asigonge. Ndicho kitu cha mwisho alichonacho cha mtoto wake kwa macho, mgongo na begi jekundu, na kwa miaka minane alikuwa akijiambia kwamba atakwenda aione sura.

Saa kumi na moja ilipogonga, Bibi alifungua mkanda, akasimama, akapiga hatua kumi. Goti lilikuwa limechoka lakini halikuvimba. "Nimefika!" alisema, na akacheka kicheko ambacho Mzee Futi hakuwa amekisikia tangu ajali. Mpaka Rangi alipiga makofi kutoka mlangoni kwake. Mzee Futi naye alipiga, kwa furaha mbili, moja ya mkewe na nyingine ya siri. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

*

Zilipobaki siku nne kabla ya safari, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuagiza mabenchi ya ukumbi. Alikuwa mwanamke mnyoofu, na alikuja na daftari.

"Fundi, ukumbi wangu una urefu wa futi sitini. Nataka mistari ishirini ya mabenchi. Kwa hiyo kila benchi inchi thelathini na sita."

"Thelathini na sita za wazi, au mgongo kwa mgongo?"

"Mgongo kwa mgongo, fundi. Unene wa benchi umo humo humo. Vinginevyo mabenchi yangu ya mwisho utayaweka nje?"

Mzee Futi aliandika thelathini na sita kwenye ubao, na penseli ikasimama.

"Vipi, haiwezekani?"

"Inawezekana, mwalimu."

Mwalimu aliendelea kueleza habari za rangi na miguu ya mabenchi, naye akaitikia bila kusikia. Mwenye mistari mingi hupima mgongo kwa mgongo. Hilo alilijua kabla hajaota ndevu. Na wenye ndege, je, si watu wa mistari? Wanataka kujua zitaingia safu ngapi. Zile inchi thelathini na moja zilikuwa zimeumeza unene wa kiti ndani yake, mgongo wa kiti chenyewe, na sponji, na mfuko wa magazeti. Unene wote huo haupungui inchi nne.

Mwalimu alipoondoka tu, alimaliza hesabu kwa sauti, kama mtu anayesomewa hukumu. "Thelathini na moja, toa nne, ishirini na saba. Thelathini na tano, toa nne, thelathini na moja." Alikaa juu ya lundo la mbao. Siku nzima ile mkewe alikuwa amekaa kiti cha kijani.

Aling'oa misumari, akausogeza ubao wa mbele karibu na kiti kwa inchi nne, akakaa yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, na magoti yake mazima yaliugusa ubao. Alijaribu kunyoosha mguu wa kushoto kama goti lingekuwa bovu. Haukuwa na pa kwenda.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomtesa siku mbili nzima. Mkewe alikuwa akiimba ndani, anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja upya. Akinyamaza, atapanda ndege na furaha yake, na huenda akavumilia, yeye mtu wa kuvumilia. Nauli ya babu itabaki salama, na miezi minne ijayo atambeba mjukuu. Na goti likivimba huko angani, nani atasema ni kosa la seremala? Watasema ndege zina viti vidogo. Alijisikia vibaya kwa kuyawaza, lakini aliyawaza yote mpaka mwisho, tena zaidi ya mara moja.

Siku ya pili jioni alikuwa akipiga randa aliposikia mguu ukiburuzwa mlangoni.

"Nataka nikae tena kidogo," Bibi alisema. "Nizoee. Na nifumbe macho nione kama wingu limekaa vizuri."

Kabla mumewe hajamzuia, alikuwa ameshajishusha kitini. Goti liligonga ubao kwa sauti kavu. Alivuta pumzi kwa nguvu, akashika ubao kwa mikono miwili, akajaribu kujisogeza nyuma ambako hakukuwa na nyuma.

"Umekisogeza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Hapo ndipo kilipotakiwa kuwa." Aliiweka randa chini. "Nimekosea kipimo, mke wangu."

Katika miaka thelathini na mitano ya kazi maneno hayo hayakuwahi kumtoka. Alimweleza yote, mgongo kwa mgongo, mabenchi ya mwalimu, inchi nne zilizomezwa. Bibi alisikiliza huku akisugua goti. Mwisho alisema, "Basi nitazoea. Nitasimama simama."

"Inuka hapo."

"Babu, nimeshafunga begi. Usiniambie habari ya kutokwenda."

"Nani kasema huendi? Inuka, unajiumiza."

"Nitakaa upande. Nitamwomba jirani yangu. Nitakwenda hata nikiwa nimekunjwa kama shuka!" Machozi yalikuwa yameshamfika. "Miaka minane. Wewe hujui mimi nikoje ndani."

"Najua," Mzee Futi alisema, na sauti yake ikakatika. "Mimi nikoje unadhani?" Alipiga magoti mbele yake, pale penye nafasi ndogo, akaushika mguu na kuutoa taratibu. Bila kuinua uso alisema, "Na lile kabati. Miaka yote nasema sakafu iliteleza. Haikuteleza. Nililifunga ukutani kwa skrubu fupi, nikajua ni fupi, nikasema zitashika."

Mpaka Rangi alikuwa akipiga mluzi kwenye duka lake, na mluzi wake ulikuwa mbaya.

"Nilijua," Bibi alisema mwishowe. "Niliziona wakati nimelala chini yake."

*

Siku moja kabla ya safari foleni ya tiketi ilifika mlangoni. Mzee Futi alikaa kwenye benchi lilelile la wateja, bahasha imebanwa kwapani. Zamu yake ilipofika, dada wa tiketi alimkumbuka kabla hajafungua mdomo.

"Baba wa hewa! Umerudi?"

"Nimerudi. Kile cha kijani."

"Sita vimekuwa kimoja. Na bei siyo ile." Alizungusha kompyuta ili aone mwenyewe. Ilikuwa milango mitatu kwenda, mitatu kurudi.

Alisoma tarakimu ile polepole. Alikuwa amebakiza milango minne, sasa ingekuwa kumi. Mlango mmoja kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri. Mtoto atakuwa anatembea, tena atakuwa anakimbia, na babu atakuwa mgeni wa kuogopwa mlangoni. Alisimama hapo mpaka nyuma yake mtu akasema, "Mzee, unalala?"

Alifungua bahasha.

"Inchi nne tu hizo, baba," dada alimtania huku akihesabu. "Una hakika?"

"Nina hakika," Mzee Futi alijibu. "Nimezipima."

Hapakucheka mtu, maana safari hii hakumgeukia yeyote.

*

Asubuhi ya safari walifika uwanjani mapema kupita kiasi. Safari hii hakukuwa na gundi ya kusubiri. Kijana wa uwanja alileta kiti cha magurudumu, Bibi akakaa na koti lake la kuazima, begi la nguo za mtoto mapajani. Mbele yao kulikuwa na kile kioo.

"Namba kumi na mbili, kando ya njia," Mzee Futi alimkumbusha. "Mguu wa kushoto ndio uwe upande wa njia. Usimwachie mtu akubadilishe kiti."

"Umeshasema mara nane."

"Na kila saa—"

"Nasimama." Alimvuta kola ya shati ili ainame. "Pasi yako haipo tena kwenye boksi la skrubu. Ingeshika kutu. Nimeiweka kwenye droo yangu, chini ya kanga."

Mzee Futi alitazama viatu vyake.

"Mwaka mzima naiona," mkewe alisema. "Nikakaa kimya, nikijua siku ikitimia utaniambia. Na jana nimejua bahasha imetoka wapi. Mimi si mjinga, Babu." Alimpapasa shavu mbele ya watu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. "Nitamwambia mwanetu kwamba baba yake anakuja. Sitataja mwezi."

Kijana alisukuma kiti. Mzee Futi alikaza macho. Alipofika upande wa pili wa kioo Bibi aligeuza kichwa na mwili wake wote, na akampungia mpaka kona ilipomchukua. Safari hii aliona sura.

Ndege iliondoka saa nne asubuhi. Saa nne kamili Mzee Futi alikuwa karakanani. Mabenchi ya mwalimu yalikuwa yakingoja, na dirisha la yule mteja lilikuwa bado halijakatwa. Alifunga mlango nusu. Alipima nafasi kwa futi kamba, akakuta ishirini na saba za wazi, sawasawa na kiti cheupe. Kisha alijiingiza kitini, akafunga ule mkanda wa suruali.

Mpaka Rangi alichungulia. "Mzee, na wewe unasafiri?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Kama cheupe kitanitosha mimi. Siku yangu ikifika sina fedha za kijani."

Mpaka Rangi alitaka kusema neno. Alimtazama usoni, akaliacha. Baada ya muda alirudi na kikombe cha chai, akakunjua kile kimeza chenye bawaba mbili, akakiweka taratibu, akaenda zake.

Saa sita miguu ilianza kumwasha. Saa nane mgongo ulikuwa unadai. Kila mkewe alipotakiwa kusimama, yeye naye alisimama, akatembea mpaka kwenye lundo la mbao, akarudi. Alimwaza huko juu, mguu umenyooka njiani, na akawaombea wapita njia wa huko adabu. Kati ya saa tisa na saa kumi alilia kidogo, peke yake, bila sababu mpya.

Giza lilikuwa limeshaingia simu ilipolia. Alikaribia kuiangusha.

"Nimefika, Babu." Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na magurudumu ya mabegi.

"Mguu?"

"Mguu nao umefika. Haujavimba hata kidogo. Ngoja, huyu hapa ananinyang'anya simu."

"Baba!" Ilikuwa sauti ya binti yake, karibu kabisa na sikio. "Baba, mama amekataa kuniachia, ananinusa nusa tu kichwani mbele za watu. Na wewe unakuja lini?"

"Bado milango kumi."

"Milango gani?"

"Ya kazi. Usijali." Alijaribu kusimama, miguu ikamgomea. Ilikuwa imekufa ganzi mpaka nyongani. "Kiti changu nimeshakipima, mwanangu. Kinanitosha. Kinabana kidogo, lakini kinatosha."

"Baba, sikuelewi."

"Mlete mtoto karibu na simu."

Kulikuwa na kukwaruza, na sauti ya Bibi ikisema taratibu, taratibu. Kisha hapakuwa na neno. Mzee Futi aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili, magoti yamegusa ubao, akamsikiliza mtoto akipumua.